Mkia wa Gauni la Namalwa

Milcah alishona gauni la Namalwa hadi ndoto zake zikawa nyeupe. Sasa harusi yenyewe ilikuwa imekwama barabarani, kati ya landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na kanisa, na aliyeikwamisha ni shangazi wa bibi arusi.

"Msichana wetu hakimbizwi kwa bwana kama kuku wa kuchinjwa!" shangazi alisema. Akapiga hatua ndogo, akasimama, akaanza wimbo upya.

Desturi ni desturi. Lakini pasta alikuwa anaondoka na treni ya adhuhuri kwenda Molo, na hangerudi Nakuru kabla ya mavuno. Dalmas, bwana arusi, kazi yake kuchochea makaa ya injini ya treni, alikuwa kanisani akitoka jasho ambalo tanuri halijawahi kumtoa. Nao mkia wa gauni ulifagia vumbi la mji mzima.

"Milcah, hii mkia ni ya nini? Uliogopa kukata kitambaa ya watu?"

"Kizungu wanaiita train, shangazi."

"Wee! Train si gari la moshi?"

"Ni neno hilo hilo!" Moyo wa Milcah uliruka. Mwalimu Kosgei wa darasa la jioni aliwaambia Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, likiwa na maana ya kuburuta tu. "Nguo ikiburutwa nyuma ya malkia, train. Mabehewa yakivutwa, train. Mmea ukivutwa ufuate ukuta, train, na hata mtu akifunzwa kazi. Kila mahali kuna anayevuta na wanaofuata."

"Na hapa anavuta nani?"

"Nani mwingine? Injini ni wewe!"

Shangazi, mke wa mtu wa reli kwa miaka mingi, alijiangalia kifua, akajiangalia tumbo, akaona ni kweli. Akakaza leso kiunoni.

"Inueni mkia! Injini yangu haichelewi!"

Wanawake wakajipanga nyuma, mkia mikononi, viwiko vikienda mbele na nyuma. Wimbo ukashika moto. Hatua zilibaki ndogo kama desturi inavyotaka, ila sasa zilifuatana chaka-chaka-chaka, hata mbwa wa landi wakapisha njia.

Walimkuta pasta mlangoni, mkoba mkononi.

"Vuuuuu!" shangazi akapiga honi.

Pasta akacheka, akaweka mkoba chini. Milcah aliinama kukagua pindo: vumbi tele, hakuna palipochanika.

"Haya," shangazi alihema, akiwatazama maharusi, "kwa hawa wawili, injini ni nani?"

Chini ya shela, Namalwa akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi, shangazi. Dalmas atachochea makaa."