Simu Tano za Rebeka

Jenereta tulilinunua mjini, dukani kwa Vishal, kwa ajili ya mashine yetu ya kutotolesha vifaranga. Umeme ukikatika saa nyingi mayai yanapoa, na vifaranga wanafia ndani. Vishal alimwambia mume wangu mara mbili: "Mwalimu, hili likae nje. Moshi wake ukijaa ndani unaua." Laurenti akasema ameelewa. Alifundisha miaka thelathini na nne. Kuelewa ndiyo ilikuwa kazi yake.

Tatizo lilikuwa simu. Hapa Mwankoko jenereta likinguruma uani kwako, nusu saa haipiti majirani wamefika kuchaji, na huwezi kuwakatalia ukabaki na majirani. Mara ya kwanza zilikuja simu ishirini na tatu na mashine moja ya kunyolea. Laurenti akaapa kwamba hawatalisikia tena.

Jumamosi umeme ukakatika asubuhi. Mayai yalikuwa siku ya ishirini, mengine yameshaanza kudonolewa kwa ndani. Laurenti akaliingiza jenereta stoo, kando ya mashine, akaliegemezea godoro kupunguza kelele. Nikamkumbusha maneno ya Vishal. Akasema ataacha mlango wazi, na mimi nikae barazani nichambue mchicha kama mtu asiye na umeme. Nilikaa. Hasira zangu zote ziliishia kwenye mchicha.

Akaja jirani yetu Rebeka na bakuli lenye simu tano. Nyuma yangu nikasikia mlango wa stoo ukifungwa taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jenereta limeharibika."

"Sijauliza bado," akasema Rebeka. "Na hicho kinachonguruma?"

"Friji."

"Si umeme umekatika, mama?"

"Ndiyo maana inanguruma kwa shida."

Akakaa. Tukazungumza habari za alizeti, za mvua, za harusi ya Ilongero, mpaka mchicha ukaisha, nikaanza kuchambua ule uliokwisha kuchambuliwa. Mwishowe akainuka. Lakini Rebeka ana adabu zake, na Laurenti alimfundisha darasa la tatu. Hawezi kuondoka bila kumwamkia. Akaingia ndani, mimi nyuma yake, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa stoo, maana alijua fika mzee yuko wapi.

"Shikamoo mwalimu."

Jenereta tu ndilo lililosikika.

"Shikamoo mwalimu!"

Tukatazamana. Katika ndoa yetu yote sijamwona Laurenti akiacha shikamoo bila kuiitikia. Kuna vijana aliowakuta wakimwibia mahindi, wakamwamkia kwa woga, akaitikia kwanza ndipo akawakimbiza. Rebeka akausukuma mlango kwa bega.

Alikuwa ameanguka juu ya gunia la alizeti, mdomo wazi. Tukamburuta kwa makwapa hadi uani, Rebeka akarudi kulizima jenereta. Nilimpiga vibao. Nikamwita kwa jina la ubatizo, la ukoo, na lile ninalomwita mimi peke yangu. Sijawahi kuogopa vile. Mayai hata sikuyakumbuka.

Baada ya muda, majirani wakiwa wameshajaa uani, akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Akamwona Rebeka amesimama mbele yake na bakuli lake.

"Marahaba," akasema.

Akavuta pumzi mara mbili, tatu.

"Ziko ngapi?"

"Tano, mwalimu."

"Litoeni nje basi."

Ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima.