Egemeo la Dereva Philbert

Mwaka ule wa themanini na tatu, watu wa Karatu walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umefika hadi vijijini. Mtu akionekana na katoni mbili za sabuni, kesho yake majirani waliulizana kama amekamatwa au amekimbia. Bartolomeo, seremala mwenye banda lake kando ya barabara iendayo Ngorongoro, hakuwa na sabuni wala sukari ya kuficha. Alikuwa na mbao, randa na familia, na alitaka vyote vitatu viendelee kuwa vyake.

Ndipo adhuhuri moja akaja Philbert.

Alikuwa Mchaga wa Marangu, dereva wa gari la kuteremsha watalii kwenye kreta ya Ngorongoro. Alishuka garini polepole, ameshika mlango kwa mikono miwili, akatupa macho huku na huku kabla ya kuingia bandani.

“Fundi, nataka egemeo la kuweka kwenye kiti changu cha gari,” alisema. “Mbao mbili. Ya mbele ibinuke kidogo hapa chini, kiunoni. Katikati uache nafasi.”

“Nafasi ya nini?”

“Nitaijaza mwenyewe.”

Bartolomeo alichomoa penseli sikioni. “Nipigilie misumari?”

“Hapana, tia skrubu. Nataka niweze kufungua na kufunga.” Kisha akashusha sauti. “Na jambo hili lisitoke humu ndani, fundi. Ofisini kwetu wasisikie.”

Alipoondoka, Bartolomeo alibaki akikodolea macho vipimo alivyoandika kwenye kipande cha ubao. Sokoni habari zilikuwa zimeenea kwamba faru wawili wamekutwa wamekufa huko juu hifadhini, pembe zimekatwa, na kila mtu alijua kwamba pembe hazina miguu. Alipokwisha kuchonga mbao zile mbili aliziunganisha, akatia mkono katikati. Mkono ukaingia wote, toka vidole hadi kiwiko, na nafasi ikabaki.

“Muulize,” mkewe Lusia alimwambia alipomletea uji bandani.

“Nikimuuliza akaniambia kweli, nimekuwa mshirika wake. Akinidanganya, nimekuwa mjinga wake.”

“Basi usimtengenezee, Baba Evarista.”

Lakini kazi alikuwa ameshaikubali, na mikono yake haikujua kufanya kazi mbovu. Philbert alipokuja kulichukua egemeo alipitisha kiganja juu ya ubao, akafumba macho kidogo, akatabasamu. Hata tabasamu lile Bartolomeo alilitia shaka. Aliliona ni la mwizi aliyepata mlango wazi. Na tena, egemeo likikamatwa, si litajulikana ni mkono wa nani uliolichonga?

Jumapili baada ya misa alimvuta pembeni Inosenti, askari wa hifadhi aliyekuwa zamu ya getini, akamweleza yote.

“Ukiliona utalitambua?” Inosenti aliuliza.

“Nimelichonga mwenyewe.”

“Basi keshokutwa asubuhi uje getini. Njoo na bisibisi yako.”

Jumanne Bartolomeo alipewa lifti na lori la mahindi lililokuwa likienda Kakesio. Alikaa juu ya magunia. Barabara ile alikuwa ameizoea kwa macho tu, ikipita mbele ya banda lake. Leo aliionja kwa kiuno: kila shimo lilimpanda hadi shingoni, na aliposhuka getini ilimbidi asimame kwanza ameshika tairi. Hakuliwazia jambo hilo zaidi. Macho yake yalikuwa barabarani, yakimsubiri Philbert.

Gari likafika na wazungu wanne ndani. Inosenti akamwamuru dereva ashuke, akalitoa lile egemeo kitini na kulilaza juu ya boneti. Philbert alimwona askari, akaona bisibisi, kisha akamwona aliyeishika.

“Fungua,” Inosenti alisema.

Skrubu zilikuwa sita. Bartolomeo alizifungua moja moja, kwa hofu ya kukuta pembe na kwa hofu ya kutokukuta kitu. Ubao ulipoinuka, ndani kulikuwa na manyoya ya kondoo na kitenge kuukuu kilichokunjwa vizuri. Inosenti aliyachambua manyoya, akakikung'uta kitenge. Upepo ukayachukua manyoya ukayatawanya barabarani. Hapakuwa na kingine.

Philbert aliinama kuyaokota, akanasa pale pale. Hakuweza kuinuka. Watalii wawili walishuka wakamshika kwapani, jasho likimtiririka.

“Ni mgongo,” alisema, meno yameumana. “Miaka kumi na mmoja kwenye barabara hii. Nikiteremka kreta napunguza manyoya, nikipanda naongeza. Ofisini wakijua, gari wanampa mtu mwingine.” Akageuza shingo tu, maana kiwiliwili kiligoma. “Ungeniuliza, fundi.”

Inosenti alijikohoza, akaenda kuinua kizuizi. Bartolomeo alipiga magoti akakusanya manyoya yaliyobaki, mengine na vumbi lake, akayarudisha mahali pake, akafunga skrubu zote sita. Philbert hakumtazama tena.

Wale wazungu, kwa huruma zao, ndio waliosimulia ofisini jinsi dereva wao alivyoteseka. Wiki ile ile gari likapata dereva mwingine.

Bartolomeo alikwenda ofisini kusema kwamba kosa ni lake. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akajibu, “Gari si kitanda cha mgonjwa, mzee.” Siku ya pili akaenda kwenye chumba alichopanga Philbert, nyuma ya maduka. Alimkuta amelala sakafuni juu ya mkeka. Kitanda kilikuwapo, lakini springi zake zilikuwa zimelegea, godoro limebonyea kama hori la ng'ombe.

“Nani amekutuma?” Philbert aliuliza bila kuinuka.

“Sijatumwa.”

“Mifukoni una nini?”

Bartolomeo aliigeuza mifuko yote nje. Vikatoka futi, penseli na vumbi la mbao. “Nimekuja kukuomba radhi,” alisema. “Na kupima kitanda chako, ukiniruhusu.”

Philbert aliikagua mifuko kwa macho, mmoja mmoja. “Pima,” alisema hatimaye. “Mlango uuache wazi.”

Jioni hiyo Bartolomeo alitandika mbao tano za mkangazi chini ya godoro. Asubuhi alirudi kuuliza usiku ulikuwaje. Hakupewa asante. “Hii ya tatu imeinuka kidogo,” Philbert alisema. Bartolomeo akaitoa, akaipiga randa na kuirudisha. Lakini mkeka, aliona, ulikuwa umekunjwa na kuegeshwa ukutani.

Haukupita mwezi, dereva mmoja aitwaye Martini akaingia bandani akitazama nyuma yake. “Wewe ndiye uliyemtengenezea Philbert?”

Bartolomeo aliweka randa chini. Safari hii aliuliza. “Mgongo unakuuma wapi?”

Martini alisita, akatazama mlango, kisha akageuka na kuonyesha kwa kidole gumba. Baada yake wakaja wengine wawili, mmoja wao dereva wa lori la kwenda Arash, kila mmoja akiomba isisikike ofisini kwao. Bartolomeo alijua mbao, migongo hakuijua. Akarudi kwa Philbert.

“Unataka nije kukaa kwenye banda la mpelelezi?” Philbert alicheka bila furaha.

Siku ya tatu alikuja, akitembelea fimbo. Alimkalisha kila dereva kwenye stuli, akapitisha dole gumba kwenye uti wa mgongo, akamwambia fundi ubao ubinuke wapi na kiasi gani. Kwenye usukani hakurudi tena. Hilo halikutengenezeka. Lakini alibaki pale, mvua zikaja zikaisha, na madereva waliendelea kuja.

Kiti chake alikichagua mwenyewe, mahali anapouona uso wa Bartolomeo. Na kila Bartolomeo alipovaa koti, swali lilimfuata.

“Unakwenda wapi, fundi?”

“Endabash, kununua mbao.”

“Kwa nani?”

“Kwa Josephati.”

Philbert alimtazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Bartolomeo hakuwahi kukasirika. Alijibu kila alipoulizwa, akataja na saa atakayorudi.