Muhuri wa Kome

Hasidi hana sababu, husema wahenga. Bartel Nierloo alikuwa nayo, tena angeweza kukutajia siku na saa. Ilikuwa Siku ya Mfalme, miaka kumi na miwili nyuma, saa tatu na dakika kumi asubuhi, wakati watu wa Middelburg, mji wa Uholanzi, wametandaza makorokoro yao barabarani na kuyauza kwa bei ya kutupa. Bartel alikuwa amezunguka tangu alfajiri akipekua masanduku, maana mkusanya ramani ni kama kuku, riziki yake iko kwenye kuchakura. Njaa ikamshika. Akasimama kununua samaki mbichi wa vitunguu, akamla palepale, uso kauelekeza juu, mkia kaushika kwa vidole viwili. Alipomaliza kujifuta akamwona rafiki yake Krijn Dingemanse anakuja, amekumbatia bomba la kadibodi, anacheka peke yake.

"Bartel, ndugu yangu, jikaze," Krijn alisema. "Nimeipata Nierloo."

Nierloo ni kijiji kilichomezwa na bahari zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na hakikurudi. Mwaka mmoja kabla ya maji kuja, mpima ardhi alikichora kwa mkono: kanisa, nyumba thelathini na moja, na kila shamba na jina la mwenyewe. Ramani hiyo ilijulikana kwa sababu tu ilitajwa ndani ya barua moja ya zamani, na barua hiyo ilikuwa kabatini kwa Bartel. Miaka ishirini alikuwa akiitafuta. Ukoo wake ulitoka huko, jina lake ndilo jina la kijiji. Babu zake Krijn walikuwa wauza viazi wa mji wa Goes. Na bado Krijn ndiye aliyeipata, kwa yuro kumi na tano, kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza vikombe, meza ambayo Bartel angeifikia kwanza kama si yule samaki.

Tangu siku hiyo hakumgusa tena samaki mbichi.

"Mpaka lini utamnunia samaki?" mkewe Pieternel alimuuliza siku moja, yeye anakula wake kwa raha zake. "Wa kununiwa ni tumbo lako, mume wangu. Samaki alikuwa ameshakufa."

"Wewe hujui uchungu wa kitu."

"Uchungu naujua. Nimezaa mara tatu. Wako wewe unaitwa wivu."

Bartel alikana. Wivu ni wa watoto na wa wake wenza, alisema, yeye alikuwa anasikitika tu kwa ajili ya historia. Lakini akilala aliiona ile ramani ikining'inia ukutani kwa Krijn, na akiamka aliiona tena. Krijn akikohoa, Bartel humwuliza hali kwa upole, kisha hujikuta anawaza ramani itauzwa wapi mwenyewe akifa. Aibu ilimjaa kila mara. Wivu haukupungua kwa sababu hiyo.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wakusanyaji wa mji hukutana chumba cha nyuma cha kanisa la zamani. Ni watu tisa au kumi, wazee wengi wao, na kila mmoja ana kichaa chake: huyu barua za mabaharia, yule vibali vya kusafiri vya wakati wa vita, mwingine tiketi za vivuko tu. Hunywa kahawa kwanza, wakala mikate ya mdalasini inayonata, kisha hupanga foleni kunawa mikono kwa sabuni kama madaktari. Mwenyekiti, Bibi Janna Maljaars, hukagua vidole kimoja kimoja. Ndipo makabrasha yanapofunguliwa.

Chama kina desturi moja ambayo hakuna anayeichezea. Kila mwanachama ana muhuri wake mdogo, na kila kitu anachokimiliki hukipiga muhuri huo kwa nyuma, chini ya muhuri wa aliyemtangulia. Ukigeuza karatasi unausoma ukoo wake: nani aliishika, akamwachia nani. Kitu kikihama mkono, hugeuzwa mezani mbele ya wote, mmiliki mpya hupiga muhuri wake, na waliokaa hugonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole. Wino ni wa chama, haufutiki hata kwa maombi. Kupiga muhuri kisicho chako hakukuandikiwa adhabu katika kanuni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri mtu angefanya hivyo.

Muhuri wa Krijn ulikuwa ufunguo. Wa Bartel ulikuwa kome, wale wa kula na chipsi, na herufi zake mbili ndani ya gamba. Ramani ya Nierloo ilikuwa na mihuri minne, mitatu ya wamiliki wa kale wasiojulikana na chama, ua, taji, kichwa cha farasi, na ule ufunguo chini yake. Bartel alikuwa amegonga meza siku ufunguo ulipopigwa. Vifundo vilimuuma wiki nzima, au ndivyo alivyowaambia watu.

Miaka ilienda. Macho ya Krijn yakaanza kufa kuanzia katikati, akawa anamwona mtu masikio bila uso. Bartel ndiye aliyekuwa akimpitia nyumbani kwake Veere kwa gari na kumrudisha, bila kukosa hata mwezi mmoja. Mlangoni pa kanisa kuna kidato kibaya, na kila mara Bartel humshika kiwiko na kumwambia, "Kidato, Krijn," naye hujibu, "Nakifahamu, tumeshawahi kukutana." Walipendana wale watu. Hilo lisikupotee, kwa sababu wivu wa adui si kitu. Ule unaomla mtu ni wa rafiki.

Mwezi wa Septemba Krijn akatangaza kwamba anahamia nyumba ya wazee, chumba kimoja na dirisha.

"Vingine nitaviuza," alisema, akitafuna mkate wake. "Nierloo siiuzi. Nimeshampata mtu wa kunitunzia."

"Nani huyo?" Bibi Janna akauliza.

"Mtamwona siku yake."

Leendert Poppe, yule wa tiketi za vivuko, akapiga mluzi. "Kama ni mimi, nitaivulia viatu kabla sijaigusa."

"Wewe uvue soksi pia," Krijn akamjibu, na wote wakacheka, na Krijn akamkonyeza Leendert kwa jicho lisiloona.

Bartel aliuona ule ukonyezo. Leendert! Mtu anayeweka karatasi za miaka mia mbili juu ya hita, anayekula juu ya kabrasha, ambaye hajui kijiji cha Nierloo kilikuwa upande gani wa mto. Njia nzima ya kurudi Veere alijibu kwa ndiyo na hapana. Krijn akamuuliza kama anaumwa na jino.

Oktoba Krijn akampelekea ile ramani nyumbani. Bartel alikuwa fundi wa kujalidi vitabu miaka arobaini kabla ya kustaafu, na hakuna mkono mwingine mkoani ambao Krijn aliuamini kwa karatasi.

"Kesho nachomwa sindano za macho, nitalala hospitali siku mbili," alisema. "Wewe ibadilishie jalada. Nataka ikiondoka iondoke imevaa vizuri. Itengeneze kama ya kwako."

Neno hilo lilimchoma Bartel kuliko matusi. Kama ya kwangu, akajisemea, ili akaipokee Poppe.

Kesho yake mchana Pieternel alikuwa kwa dada yake. Bartel alinawa mikono, akaitandaza ramani mezani, akaitazama karibu saa nzima. Alilijua kila shamba. Palikuwa na kipande kando ya kanisa kilichoandikwa jina la Bartel mwingine, aliyekufa na maji au aliyekimbia, nani ajuaye. Akaigeuza. Ua, taji, farasi, ufunguo, na chini ya ufunguo nafasi nyeupe ya kutosha muhuri mmoja. Nafasi hiyo ikamjaza hasira. Alimwona Leendert akiinama hapo na ulimi nje, na meza ikigongwa, na yeye mwenyewe akilazimika kugonga mara ya pili.

Akaleta muhuri wake na kichupa cha wino wa chama alichokuwa nacho. Alijiambia anataka tu kuona ungekaaje. Alijiambia Krijn haoni, na wengine hawatageuza mpaka siku hiyo ifike, na siku hiyo atakuwa amebuni neno. Alijiambia hata ikienda kwa Leendert, hata ikienda kwa nani, mtu atakayeigeuza miaka mia ijayo atasoma kwamba iliwahi kuwa ya mtu wa Nierloo. Akaupiga. Ulitoka safi, kila mstari wa gamba ukasomeka. Kwa dakika nzima alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ile Siku ya Mfalme, kisha akaigeuza ramani upesi.

Akaitengenezea jalada zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, lenye mgongo unaofunguka kwa utepe ili mihuri ionekane bila kuisumbua karatasi. Hiyo ndiyo kazi sahihi, na mikono yake haikujua kufanya isiyo sahihi. Krijn alipoipokea alipapasa kona zote nne na kusema ahsante mara tatu.

Novemba chama kilijaa kuliko kawaida. Bibi Janna alikuwa amevaa mkufu. Kulikuwa na keki, na hapo Bartel angepaswa kushtuka, kwa maana watu wale hawali keki bila sababu. Yeye aliketi akimwangalia Leendert tu, aliyekuwa amevaa tai, na wivu ukamfumba macho kuliko ugonjwa ulivyomfumba Krijn.

Krijn akasimama, kaegemea fimbo.

"Nina jambo fupi," alisema. "Miaka kumi na miwili nimekaa na kitu ambacho si changu. Nilikinunua, ndiyo, ufunguo wangu upo. Lakini mnajua nilikipataje? Kuna mzee mmoja alikuwa anakula samaki."

Watu wakacheka. Leendert akampiga Bartel bega.

"Nilipoipata nilitaka kumpa siku ileile," Krijn akaendelea. "Nikashindwa. Nilikuwa naipenda, na nilikuwa naona raha, Mungu anisamehe, kumwona anavyoitamani. Sasa siioni tena. Siku moja mwezi wa Agosti nikajiuliza, ni macho ya nani yataitazama vizuri? Sikuhitaji kufikiri. Leendert anajua, Janna anajua, nimewaapisha wasiseme. Bartel, njoo uchukue kijiji chako."

Bartel alishikilia kiti chake. Walidhani ni furaha, wakamsukuma mbele, mtu akampa kitambaa. Ramani ililetwa mezani na Leendert mwenyewe, kanawa mikono, amevaa na glovu. Bartel akaona kila kitu kwa pamoja, ule ukonyezo, ile tai, ile keki. Akatamani sakafu ifunguke, na sakafu za makanisa ya zamani ni za mawe.

"Muhuri," alisema. "Muhuri wangu sijauleta. Nitapiga nyumbani."

"Pieternel ameniletea," Bibi Janna akasema, akautoa mfukoni. "Na wino wetu huu hapa. Hatujawahi kupigiana mihuri nyumbani, Bartel, na wewe ndiye mkali wa kanuni."

"Nyie, nina mkono unatetemeka leo."

"Wacha utetemeke," Leendert akasema. "Kome atatoka kama amekunywa. Geuza, mama."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Bibi Janna alivuta utepe, na mgongo wa jalada ukafunguka kwa wepesi, kama ulivyotengenezwa ufunguke. Wote wakainama. Ua. Taji. Kichwa cha farasi. Ufunguo. Kome.

Bibi Janna alikuwa ameushika muhuri mkononi, akautazama, akatazama karatasi, akautazama tena. Leendert alivua glovu moja, kisha akakaa nayo tu. Krijn alikuwa bado amesimama pale mwisho wa meza, kichwa kakiinamisha upande, anatabasamu, anasubiri kusikia vifundo vya vidole kwenye mbao.

"Vipi jamani?" akauliza. "Mbona sisikii meza?"

Leendert akaikunja ile glovu.

"Bartel? Umeshapiga?"

Angeweza kusema uongo. Alikuwa nao tayari, ameutunga tangu Oktoba. Lakini ulitungwa kwa ajili ya mtu anayempa Leendert ramani.

"Nilishapiga, Krijn."

"Lini? Sijasikia."

"Oktoba. Ulipokuwa hospitali."

Tabasamu la Krijn halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, halina mwenyewe, kisha likaondoka. Akapapasa kiti chake akakikuta, lakini hakukaa.

"Baada ya mimi kukwambia uitengeneze kama ya kwako."

"Ndiyo. Nilidhani unampa Poppe."

"Kwa hiyo ukajipa mwenyewe."

Bartel alikuwa akitaka kusema jambo juu ya jina lake, juu ya yule Bartel mwingine mwenye shamba kando ya kanisa, juu ya miaka ishirini, na yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa.

"Basi ichukue," Krijn alisema. Hakupandisha sauti. "Ni yako, muhuri si uko hapo. Mimi siwezi kumpa mtu kitu alichokwisha kujichukulia." Akavaa kofia yake, akaifunga skafu polepole, kisha akageukia upande ambao hakuwapo Bartel. "Leendert, uko na gari? Unaelekea Veere?"

Leendert alikuwa anakaa Vlissingen, upande mwingine kabisa.

"Naelekea," akasema.

Wengine wakaanza kukusanya vikombe, taratibu, kama kwenye msiba. Keki haikukatwa. Bibi Janna aliuweka muhuri wa kome juu ya meza mbele ya Bartel, akafunga chupa ya wino, akatoka bila kumwangalia. Bartel akabaki na Nierloo yake, kanisa na nyumba thelathini na moja, hakuna aliyekuwa akiigombea tena. Nje koridoni alisikia fimbo ikigonga mawe, ikikaribia mlango, kisha sauti ya Leendert, ya mtu asiyezoea kazi hiyo:

"Hapa sijui kuna nini, Krijn. Kama kuna kidato."

"Kipo," Krijn akasema. "Nishike mkono."