Mzee Aliyekataa Kuinuka

Bi Sindano alikuwa amekwisha kuona nyumba kumi na moja, na zote zilikuwa na ngazi. Tatu hapa, tano pale, na moja ilikuwa na ngazi za kuingilia chooni, utadhani mtu anapanda jukwaani kuhutubia.

Hakuwa na ugomvi na ngazi kwa ajili yake mwenyewe. Mumewe ndiye ziliyemfunga. Watu walimwita Dereva kwa kuwa aliendesha basi miaka thelathini, lakini sasa magoti yalikuwa yamegoma, nao walipanga ghorofa ya tatu. Huu ulikuwa mwezi wa tano hajakanyaga barabara. Kila asubuhi alisimama dirishani akawatukana madereva wa chini, polepole, kama mtu anayesali.

Nyumba ya kumi na mbili haikuwa na ngazi hata moja. Sakafu ilianzia usawa wa barabara, ikanyooka mpaka jikoni. Bi Sindano alisimama mlangoni akaiona moyoni cherehani yake pale karibu na dirisha, akamwona Dereva anatoka na fimbo kwenda kununua gazeti bila kuomba bega la mtu. Akabana midomo. Dada yake mkubwa alikuwa amemwonya njiani: "Ukiipenda nyumba, meno yafiche."

Dada alikuja kukosoa, na kazi hiyo aliipenda kuliko kula. Alipiga kuta, akavuta choo mara tatu, akafungua kabati akalinusa. Lakini kilichomkera zaidi ni mwenye nyumba. Mzee huyo alikuwa anahamia kwa binti yake na vyombo vilikuwa vimekwisha kuondoka, kikabaki kiti kimoja cha mbao katikati ya sebule, juu ya mkeka mdogo. Yeye alikikalia, wala hakuinuka kuwasalimu.

"Zungukeni tu wanangu," alisema. "Miguu yangu leo haina nguvu."

"Kakaa kama kuku anayeatamia," Dada akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Dereva walikuwa wamemwacha ndani ya teksi. Asubuhi hiyo wapangaji wawili wa ghorofa ya pili walimshusha juu ya kiti kama bwana harusi, wakaondoka kabla hajawashukuru. Sasa alichoka kungoja. Wakasikia fimbo inagonga sakafu, wakageuka, na huyo hapo kasimama sebuleni, peke yake, jasho linamtiririka na uso umejaa kicheko.

"Nimeingia," alisema.

Halafu magoti yakaanza kutetemeka. Bi Sindano akatazama huku na huku. Hapakuwa na pa kumkalisha. Kabla hajamfikia, mwenye nyumba aliruka kutoka kitini kama kijana, akamshika Dereva mkono, akamkalisha.

"Miguu imepona," alisema Dada.

Kiti kikayumba, na chini ya mkeka chuma kikagonga: ngo. Dereva akajisogeza. Ngo. Dada hakungoja la tatu. Aliinama akaupindua ukingo wa mkeka, na pale, chini ya mguu mmoja wa kiti, palikuwa na mfuniko wa chemba, ile ya kuzibulia bomba la maji machafu.

Mwenye nyumba alitazama dari.

"Zamani hapa palikuwa uani," alisema. "Watoto wakazidi, nikajenga juu yake."

"Iko hii tu?" Dada aliuliza.

"Na chumbani. Ndogo."

"Na ni vya nani vinavyopita humu?"

"Vyangu. Na vya jirani wa kulia. Na vya jirani wa nyuma, lakini hao ni wawili tu, na hawali sana."

"Twende zetu," Dada akamwambia mdogo wake. "Usije ukawajua majirani kwa matumbo yao."

Lakini moyoni Bi Sindano alikuwa amekwisha kuiweka cherehani dirishani. Aliyejibu ni Dereva, na alicheka mpaka kiti kikagonga tena.

"Shemeji, kule kwetu vya ghorofa ya nne vinapita ukutani, karibu na mto wangu wa kulalia. Hapa angalau vitapita chini ya miguu. Hiyo ni heshima."

Bi Sindano akamwomba mzee afungue. Mzee akakisogeza kiti kando pamoja na Dereva, akaleta nondo iliyopindwa ncha, akainua mfuniko. Ndani maji membamba yalikuwa yanapita zake, kuta zimesuguliwa. Kila Jumamosi yeye na jirani wa kulia waliisafisha, alieleza, na jirani hakuondoka kabla ya kupiga deki sebule nzima. Dada aliinama akanusa kwa muda mrefu, akitafuta kasoro, akakosa.

"Ungebaki umekaa, tusingejua," Bi Sindano alimwambia mzee.

"Najua."

"Sasa mbona uliinuka?"

Mzee alimshangaa. "Si mtu kasimama, mama?"

Bi Sindano akaitazama ile sakafu tena, yote, mpaka mlangoni.

"Nataka mifuniko mipya miwili," alisema, "yenye mpira na ya kukaza kwa bolti. Uifunge kabla sijatia sahihi. Halafu umtambulishe kwangu huyo jirani wa kulia."

"Na wa nyuma?"

"Hao waambie waendelee kula kidogo."

Walipokwisha kuhamia, mzee alikuja kuwatembelea Jumamosi moja. Dereva hakuwepo. Alikuwa ametoka tangu saa mbili kwenda kununua gazeti, nalo linauzwa hapo pembeni tu, na sasa ilikuwa saa tano. Mzee alikaa kumngoja kwenye kile kiti chake cha zamani alichowaachia, mahali pake pale pale, cherehani ikilia dirishani.

Dada akaingia na kikapu chake, akamkuta.

"Inuka nione," alisema.

Mzee akainuka. Dada akaukagua mfuniko mpya, akazihesabu bolti zote nne, akakikalia kiti.

"Ahsante," alisema.