Waya wa Mashine ya Pumu

Watu walimwita Mama Mita kwa sababu kipimo cha umeme hakikumtoka shingoni. Katika duka lake la vyombo vya umeme vya mitumba hakuna pasi wala feni iliyouzwa kabla hajaipekua. Kwanza alikipindua chombo tumbo juu, asome kwenye kibandiko cha kiwandani kinataka volti ngapi. Halafu alipima kwa mita kama umeme unavuja kwenye bodi. Mwisho kabisa ndipo alipokichomeka kwenye ubao wa balbu, kazi ya mikono ya marehemu mumewe. Hapo umeme hupita kwenye balbu kabla ya kufika kwenye chombo, hivyo kibovu huwasha balbu tu badala ya kulipuka. Ila balbu nayo ina ujanja wake, maana inapunguza makali ya umeme. Chombo cha volti mia na kumi, ambacho ukutani, penye mia mbili na thelathini, kingeungua, pale ubaoni hutulia kama kiko kwao.

Mume alipofariki, wifi yake alikuja msibani na begi tupu, akaondoka nalo limejaa nguo za binti yao, na binti mwenyewe mkononi. Binti ana pumu, alisema, na vumbi la mitumba litammaliza. Mama angerudishiwa mwanawe akishatulia. Mwaka wa pili huo alikuwa anatulia.

Asubuhi moja wifi akaingia dukani, manukato yakimtangulia, akakataa kiti. Akasema mtoto kifua kimembana tena, daktari ameshauri wawe na mashine ya kuvuta dawa ya mvuke nyumbani, na amesikia hapa ipo. Moyo wa Mama Mita ulimpasuka kwa hofu, kisha, Mungu amsamehe, ukafurahi. Hatimaye alikuwa anahitajiwa. Akifanya hili vizuri, huenda wifi akalegeza kamba, mtoto akaja kwake hata mwisho wa wiki.

Basi akaharakisha. Hakuipindua mashine wala hakushika mita. Aliichomeka moja kwa moja kwenye ubao, ikanguruma taratibu, mvuke ukatoka, na wifi, ambaye tangu mazishi hakuwahi kumwonyesha meno, akatabasamu.

Alipokuwa anaifuta vumbi ndipo akaona tumbo lake. Volti mia na kumi.

Alieleza mara moja, kwa kigugumizi, kwamba mashine hii ni ya umeme wa kwingine, kwamba ukutani itawaka moto usoni pa mtoto, kwamba atatafuta nyingine au chombo cha kushushia umeme. Wifi alimsikiliza hadi mwisho kama mtu anayesubiri mvua iishe.

"Kwa hiyo sasa unataka ninunue viwili."

"Wifi, siyo biashara. Itamuunguza."

"Nimeiona kwa macho yangu inafanya kazi. Wewe hutaki tu mtoto apone mikononi mwangu."

Akaiweka mashine kwapani na kutupa noti mezani. Mama Mita hakuona njia nyingine. Alichukua koleo, akaudaka waya uliokuwa unaning'inia, akaukata pale pale unapoingia kwenye bodi, hata kishina cha kuungia kisibaki. Wifi aliutazama waya sakafuni, na uso wake ukatulia kabisa. Mtu akipewa zawadi aliyoitamani siku nyingi hutulia hivyo. Akaiacha mashine mezani, akachukua noti zake, akauokota na waya, akaondoka.

Waya huo ulizungushwa kwenye kikao cha ukoo alichokiitisha wifi, kila mkono ukaugusa. Shemeji mkubwa, mwanamume asiyejua tofauti ya volti na vazi, alimuuliza Mama Mita swali moja tu: alikata au hakukata? Alipofungua kinywa kueleza habari za balbu, wakacheka. Kumbe ubao wake unadanganya, walisema, na yeye ndiye fundi.

Mama Mita alizunguka kwa wauzaji wenzake hadi akapata mashine ya umeme wa hapa. Safari hii aliipindua na kuipima, kisha akaichomeka ukutani kwake na kukaa nayo mchana kutwa, mkono juu ya bodi. Akaibeba hadi kwa wifi, akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na binti mwenyewe. Alikuwa amekonda, na kila pumzi ilitoka na mluzi. Nyuma yake wifi alisimama, mikono kifuani.

"Mama," mtoto akauliza, "ni kweli ulikata waya wa mashine yangu?"

Alikuwa na maelezo mengi. Mtoto alikuwa na pumzi chache.

"Ni kweli, mwanangu."

Binti akaitazama mashine mpya mikononi mwa mama yake, akarudi nyuma hatua moja, akajificha kwenye kanga ya shangazi yake.

"Sitaki hiyo," akasema, na akaanza kukohoa.

Wifi akanyoosha mkono, akaufunga mlango polepole, bila kelele, asimshtue mtoto.