Akaunti ya Majaribio

Kitasa kilikuwa kipya. Kiling'aa kwenye ule mlango uliobabuka rangi kama jino la dhahabu mdomoni mwa mtu usiyemdhania, na nilipokizungusha hakikuzunguka. Chumba cha mitambo hakikuwahi kufungwa tangu nikijue. Tulikuwa tukiingia humo kufuata upepo wa feni, kuanika makoti yaliyoloa mvua, hata kujinyoosha kidogo mchana. Nikagonga. Ndani, sauti mbili zilizokuwa zikizungumza zikakatika ghafla.

Akafungua Kipara. "Aa, kumbe ni wewe," akasema, kisha badala ya kunikaribisha akatoka nje na kuurudisha mlango nyuma yake.

Kipara ndiye aliyeanzisha programu yetu ya barua pepe, enzi hizo akiwa bado na nywele, kama alivyopenda kututania. Ilikuwa programu huria: msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uliwekwa hadharani, na yeyote aliyetaka aliweza kuusoma, kuuchukua na kuutumia kwenye mashine yake bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wengine tulimsaidia kwa kujitolea, katika vyumba alivyopanga juu ya duka la vitambaa. Kazi yangu ilikuwa kusoma walichoandika wenzangu na kutafuta makosa. Niliipenda mno. Nilijiona kama mtu aliyekabidhiwa nyumba ya jamaa yake na kuambiwa azunguke popote.

Mtu wa kwanza niliyemwekea programu hiyo alikuwa dada yangu, wakili. Wateja wake wengi walikuwa wanawake waliowakimbia waume waliokuwa wakiwapiga, na ndani ya barua zake mlikuwa na mitaa, nyumba na vyumba walikojificha. Mashine iliyozihifadhi ilikaa ofisini kwake, chini ya meza.

Kisha Kipara akatutangazia: tunaanzisha huduma yetu wenyewe, ya kulipia. Watu hawatahitaji tena kuhangaika na mashine zao. Barua zitakaa kwetu. Alisema tumechoka, na hapo alisema kweli. Alisema dunia nzima inatumia jasho letu na hakuna anayeuliza kama tumekula. Tukapiga makofi. Lakini nyuma ya chumba alisimama mwanamume mmoja nadhifu aliyeanza kupiga makofi kabla yetu. Hatukutambulishwa. Tukamwita Mgeni, na jina likamganda.

Nilipomweleza dada, hata bei hakuuliza.

"Barua zangu zitakaa kwao?"

"Ndiyo, kwao."

"Hao watu wako, unawaamini?"

"Msimbo uko wazi, dada. Mtu yeyote anaweza..."

"Sijakuuliza habari za msimbo, mdogo wangu."

Ningeweza kuusoma msimbo mpaka macho yaniwashe, lakini kinachotendeka ndani ya mashine ya mtu, nyuma ya mlango wake, hakisomeki. Na mlango wenyewe sasa ulikuwa na kitasa.

Tangu hapo nikawa mtu mgumu kukaa naye. Kipara akicheka, najiuliza anacheka nini. Akinyamaza, najiuliza anaficha nini. Aliniletea chai mezani, jambo alilolifanya miaka yote, nami nikaitazama mpaka ikapoa. Mgeni alipita kati ya meza zetu akiuliza mambo madogomadogo kwa upole, na kila alipoondoka nilihisi kama kuna kitu amekichukua.

Basi nikatega. Tulikuwa tumepewa akaunti za majaribio, na tumeahidiwa kwamba kila barua itafungwa kwa ufunguo alionao mwenyewe peke yake. Nikajiandikia barua kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Nikasema nimekuta tundu kubwa kwenye huduma hii, na asubuhi ya uzinduzi nitawamwagia waandishi wa habari kila kitu. Ulikuwa uongo mtupu. Sikumwambia mtu, hata dada.

Siku zikapita kimyakimya, na nikaanza kujionea haya. Nikajisemea, ukimchunguza sana rafiki yako, mwisho utamkosa. Ndipo nikakutana na Mgeni kwenye ngazi, mimi napanda, yeye anashuka. Akanishika bega.

"Waandishi wa habari wana haraka, ndugu yangu," akasema akitabasamu. "Ukiwa na jambo, anza na mimi."

Akaendelea kushuka. Nikazipanda mbio ngazi zilizobaki.

Nilimkuta Kipara peke yake dirishani. Nikamweleza yote, mtego na ulichonasa.

"Labda amebahatisha," akasema.

"Amebahatisha waandishi wa habari?"

Akakaa juu ya boksi, taratibu, kama mtu anayejaribu kiti asichokiamini. "Kuna ufunguo wa akiba," akasema hatimaye. "Unafungua barua zote. Mgeni alisema ni wa dharura, mtu akisahau nywila tumsaidie. Alisema bila huo, wenye mtaji aliotuletea hawatatia saini."

"Na wewe ukampa."

"Nikampa."

"Umewahi kuutumia?"

"Sijawahi kusoma barua ya mtu." Alinitazama machoni, nami nilitamani sana kumwamini.

"Wale wanawake wa dada, Kipara. Mume mmoja tu akimjua mtu mwenye ufunguo huo..."

Akafunika uso kwa viganja.

Kesho yake alituita wote, Mgeni akiwemo, akasema mwenyewe alichokifanya, bila kujitetea. Mgeni hakukana. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Kila huduma ina ufunguo wa akiba," akasema. "Ninyi mmejua tu." Akaondoka, na mtaji ukamfuata.

Uzinduzi uliahirishwa, na wenzetu kadhaa walikata tamaa wakaenda zao. Tulibomoa sehemu ile ya msimbo na kuiandika upya pasipo ufunguo wa akiba. Tuliwaambia watu waziwazi kwamba ukisahau nywila, barua zako zimekwenda, hata sisi hatuna la kukusaidia. Tukafungua huduma ikiwa ndogo, na ndogo imebaki. Dada alijiunga baadaye sana, kwa barua za kawaida tu. Habari za wale wanawake alizipeleka kwa mdomo, akienda mwenyewe.

Mimi nikaajiriwa. Siku ya kutia saini mkataba Kipara alisema kazi yangu ni moja: kutushuku. Alijaribu kucheka, nikamsaidia kucheka.

Siku hizi hunieleza kila anachofanya kabla sijamuuliza. Hukaa pembeni yangu, akaeleza hatua kwa hatua, kwa subira. Namsikiliza mpaka mwisho na kumshukuru. Kisha nangoja atoke, naanza kuhakikisha.