Plagi Hazitengenezwi Tena

Plagi zilikuwepo. Zilijaa kwenye droo ya pili ya gereji ya Kusunose Yasuhei, kila moja ndani ya kiboksi chake, na fundi mwenyewe alikuwa ameiegemea droo hiyohiyo akimngoja mama Mitsue ashuke garini.

Gari lilikuwa linamisi. Alilisikia tangu likiwa kwenye kona ya juu, likikohoa na kutetemeka, silinda mbili zikibeba kazi ya silinda tatu. Lilikuwa pikapu ndogo, ya aina iliyo kwenye karibu kila ua katika ile milima ya Kochi, huko Japani, maana bila hiyo ndimu za yuzu haziwezi kushuka kutoka mashambani, na bila ndimu hakuna la kumweka mtu kule juu.

Wiki moja kabla, Ritsuko, binti pekee wa Mitsue, alikuwa amempigia fundi simu kutoka Osaka. Alilia sana. Alisema mama yake ana miaka themanini na moja, ipo siku atagonga watoto wa shule, na kila akimwambia aache kuendesha wanakosana. Kwa hiyo alimwomba fundi msaada mmoja mdogo: gari likiharibika, amwambie vipuri hakuna.

"Mimi hanisikii," alisema. "Wewe atakuamini."

Yasuhei angeweza kumjibu. Ni yeye aliyelikagua gari hilo msimu wa kuchipua, akalizunguka lote asione hata mkwaruzo. Alijua pia kwamba Mitsue alipimwa macho na kufanyiwa mtihani wa madereva wazee, akapita. Wapo wazee wasiofaa tena kushika usukani, na fundi aliwajua kwa majina, lakini huyu hakuwa mmoja wao. Haya yote aliyajua, akanyamaza. Kubishana na mtu anayelia kwenye simu ni kazi, na Yasuhei alikuwa mtu mwema, mwema wa aina ile inayokubali kila kitu ili kikao kiishe. Watu wa namna hiyo wana madhara kuliko wakorofi, kwa sababu hakuna anayejikinga nao.

Basi Mitsue aliingia, akavua kofia ya shambani, akaweka mfuko wa ndimu juu ya meza kama kawaida yake. Fundi alifungua plagi zote tatu, akazipanga kwenye kitambaa. Mbili zilikuwa nzima kabisa. Ya tatu kauri yake ilikuwa na ufa, na ncha yake nyeusi tititi.

"Huyo ndiye mvivu," Mitsue akasema akiinyooshea kidole. "Kumbe wenzake wanamfanyia kazi."

Fundi akacheka kidogo. Hapo ndipo, miaka yote, alipokuwa akitoa aina mbili za plagi na kuziweka mbele ya mteja achague: za kawaida, na zile zenye ncha nyembamba, zinazokwenda kilometa laki moja. Mitsue na marehemu mume wake walichagua za pili siku zote.

"Nipe zile za kudumu," akasema. "Najua sitazimaliza. Nikifa, njoo uzifungue uzitie kwako."

Hakuwa anasema ovyo. Gari la Yasuhei, lililoegeshwa pale mlangoni, lilikuwa la aina hiyohiyo, injini ileile, mwaka uleule. Ni yeye aliyewashawishi Mitsue na mumewe wanunue kama lake, ili vipuri visiwasumbue.

Yasuhei akaangalia ndimu mezani. "Mama, plagi za injini hii hazitengenezwi tena."

"Hata za kawaida?"

"Hata za kawaida."

Mitsue hakubisha. Hilo lilimuuma fundi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Yule mama alisimama tu akiitazama ile plagi mbovu, halafu akageuka akalitazama gari lililokuwa mlangoni.

"Na lako je, Yasu?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akababaika, akasema ataona la kufanya. Akamrudishia plagi zake mahali pake, na gari likapanda mlima likikohoa vilevile.

Mavuno yakafika. Kutoka gereji fundi aliweza kuliona shamba la Mitsue, njano tupu juu ya mlima, na siku zikapita njano ile isipungue. Kisha ikaanza kuonekana chini ya miti. Alijisemea kwamba Ritsuko angalau sasa analala usingizi. Kila asubuhi alijisemea hivyo, na kila asubuhi hakutazama juu.

Siku moja mchana Mitsue akaja kwa miguu, akisukuma kigari cha mkono wanachoegemea vikongwe, kitu alichokuwa akiapa hatakigusa. Alikuwa amekonda. Alisema gari lilizima kabla ya mavuno na halikuwaka tena, na Ritsuko amefurahi sana, ameshamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee huko Osaka, ghorofa ya sita. Wanaruhusu chungu kimoja cha maua.

"Utakwenda?" fundi akauliza.

"Hapa nitafanya nini? Kuangalia ndimu zikioza?"

Yasuhei alifumbua mdomo. Lilikuwa jambo la kusema maneno machache tu na kuvuta droo moja. Lakini angelazimika kuuona uso wa mama huyu ukijua, na huo ndio aliouogopa, zaidi ya ghorofa ya sita ambayo haikuwa yake. Akafumba.

Mitsue akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole. Ndani zilikuwemo plagi mbili, zimesuguliwa kwa brashi mpaka zikang'aa. Alizifungua mwenyewe, alisema, kwa spana ya marehemu.

"Zile nzima. Langu halitembei tena, na wewe bado unafanya kazi. Nilikuwa silali nikifikiria siku lako litakapozima, nawe huna pa kuzipata."

Fundi alizipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akashukuru kama inavyopasa. Alibaki ameinama mpaka sauti ya magurudumu ya kile kigari ilipopotea barabarani.

Halafu akavuta droo ya pili ili aziweke. Ilikuwa imejaa. Alisukuma viboksi huku na huku, lakini plagi zile mbili hazikupata nafasi.